Umri Mrefu wa Game Boy

Vitu vya kuchezea vina maisha mafupi. Mwanasesere wa matambara huchakaa, gari la waya hupinda, na mpira wa karatasi hufumuka kabla ya mchezo kumalizika. Vile vya umeme maisha yao ni mafupi zaidi, kwa sababu haviuawi na uchakavu peke yake. Huuawa pia na ndugu zao wapya wanaozaliwa kila mwaka. Kwa hiyo si vibaya tukistaajabu kidogo tunapokiona chombo cha mchezo kilichotolewa mwaka 1989, ambacho waliokiunda waliacha kukitengeneza mwaka 2003, kikiwa bado kinatafutwa, kinanunuliwa, kinafunguliwa na kutengenezwa, na kuchezwa na watu ambao wengine wao hawakuwa wamezaliwa siku hizo. Chombo hicho ni Game Boy, kazi ya kampuni ya Nintendo ya mji wa Kyoto, nchini Japani.

Nakusudia kukipima chombo hiki kama tupimavyo kitabu darasani: kimefanya nini, kwa njia gani, na kama sifa zake ni za haki. Najua wapo walimu watakaosema kwamba mchezo haustahili uhakiki. Mimi siafikiani nao. Kitu kilichoshika akili za mamilioni ya watu kwa miaka zaidi ya thelathini chastahili kuulizwa sababu, na wa kwanza kuuliza wangekuwa ninyi mnaocheza.

Kwanza tukitazame. Ni kisanduku cha plastiki cha rangi ya kijivu, kinachoshikwa kwa mikono miwili, na uzito wake pamoja na betri ni gramu zipatazo 300. Juu pana kioo kidogo. Chini ya kioo pana kitufe cha umbo la msalaba kwa ajili ya kidole gumba cha kushoto, vitufe viwili vya mviringo kwa ajili ya kidole gumba cha kulia, na viwili vyembamba katikati. Kioo kina nukta 160 kwa upana na 144 kwa urefu, yaani nukta 23,040 kwa jumla, na kila nukta yaweza kuvaa kivuli kimoja tu kati ya vinne, kuanzia kijani kilichopauka mpaka kijani kinachokaribia weusi. Ndani hakina taa. Mchezo wenyewe hukaa katika kijisanduku cha plastiki, ambacho wengi wetu twakiita kaseti, na hicho huchomekwa kwa nyuma.

Hata mwaka 1989 hayo hayakuwa mambo ya kujivunia. Mwaka huo huo kampuni ya Atari ilitoa chombo chake kilichoitwa Lynx, chenye rangi nyingi na taa ndani ya kioo. Mwaka uliofuata kampuni ya Sega ilitoa Game Gear nchini Japani, nacho kilikuwa na rangi na taa. Mtu aliyeviweka vyombo hivyo vitatu juu ya meza moja angeapa kwamba Game Boy ndicho kitakachokufa kwanza. Mambo yakawa kinyume. Game Boy, ukikihesabu pamoja na ndugu yake wa rangi aliyezaliwa mwaka 1998, kiliuzwa zaidi ya vyombo milioni 118. Game Gear kiliuzwa vipatavyo milioni 10. Lynx leo hutajwa na wachache wanaokusanya vitu vya kale.

Sababu inayotolewa mara nyingi ni kumbukumbu za utoto. Husemwa kwamba mtu mzima hukinunua chombo hiki kwa kuwa kinamrudisha siku alipokuwa hana deni wala kodi ya nyumba. Sikatai kwamba wapo watu wa namna hiyo, na wauzaji wanawajua vizuri. Lakini jibu hili halitoshi, maana kama kumbukumbu peke yake ingeweza kukihifadhi chombo, Game Gear nacho kingekuwa hai, kwa sababu nacho kilichezwa na watoto, na watoto hao nao wamekuwa watu wazima.

Mwaka jana mwalimu mwenzangu alikuja na Game Boy chuoni kwetu, alichonunua mkono wa pili kutoka ng'ambo. Wanachuo wetu ni vijana wa miaka ishirini na kidogo. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na kumbukumbu yoyote nacho. Wa kwanza kukishika alikiwasha, akakitazama, akasema, "Mwalimu, hiki kimeharibika, kioo chake ni cheusi." Tukamwambia asogee dirishani. Aliposogea mwanga wa jua ulikiangukia kioo, na picha ikaonekana. Alikaa pale dirishani mpaka kengele ya chakula ikalia, na jioni yake kulikuwa na ugomvi mdogo juu ya zamu ya nani. Wote wana simu mifukoni zenye uwezo wa kuonyesha rangi zisizohesabika. Walikuwa wakigombea nini?

Ili kujibu, hatuna budi kumjua mtu aliyekiongoza kikundi kilichokiunda. Gunpei Yokoi aliajiriwa na Nintendo mwaka 1965, wakati kampuni hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1889, ilikuwa ingali ikijulikana hasa kwa kutengeneza karata za Kijapani. Kazi yake ilikuwa kuziangalia mashine za kiwandani. Katika saa zake za bure alijitengenezea mkono wa bandia unaorefuka na kushika vitu vya mbali, na mkuu wa kampuni alipouona, badala ya kumkemea, alimwamuru augeuze uwe bidhaa. Ukauzwa mwaka 1966. Miaka mingi baadaye, hivyo ndivyo inavyosimuliwa, Yokoi alikuwa safarini katika garimoshi akamwona msafiri mwenzake, mfanyakazi wa ofisi, akijiondolea uchovu kwa kubonyeza-bonyeza mashine ndogo ya kupigia hesabu. Kutokana na tukio hilo alipata fikra ya mchezo mdogo wa mkononi, na mwaka 1980 ikatoka michezo iliyoitwa Game & Watch, yenye vioo vya namna ile ile ya mashine za hesabu.

Yokoi alikuwa na kanuni yake, ambayo kwa Kiswahili twaweza kuieleza hivi: tumia ufundi ulionyauka, lakini uufikirie kwa upande mwingine. Ufundi ulionyauka ni ule ambao haumshangazi mtu tena. Umeenea, bei yake imeshuka, kasoro zake zinajulikana, na fundi yeyote aweza kuutengeneza. Kuufikiria kwa upande ni kuupa kazi ambayo hakuna aliyewahi kuupa. Kioo cha mashine ya hesabu kilikuwa kimenyauka. Kukifanya kioo cha mchezo ndiko kulikuwa kupya. Haki yadai tuseme pia kwamba Game Boy haikuwa kazi ya Yokoi peke yake. Mhandisi Satoru Okada alitaka chombo chenye nguvu kuliko ile michezo ya awali, kinachoweza kupokea kaseti mbalimbali, na bila msimamo wake huo pengine tungepata kitu cha kuchezwa msimu mmoja na kusahauliwa.

Sasa tazama jinsi kanuni hiyo ilivyofanya kazi. Kwa kuwa kioo hakikuwa na rangi wala taa, kilikunywa umeme kidogo. Betri nne ndogo, za namna ya zile tunazotia katika saa za ukutani, ziliweza kukiendesha zaidi ya saa kumi. Lynx na Game Gear zilihitaji betri sita, na betri hizo sita zilikufa baada ya saa nne au tano, pengine hata kabla. Katika Marekani Game Boy kiliuzwa kwa dola zipatazo 90, na Lynx kwa dola zipatazo 180. Mtoto aliyenunuliwa Lynx alikuwa na chombo kizuri kisichokuwa na betri. Mtoto aliyenunuliwa Game Boy alikuwa na chombo kibaya kinachowaka. Kila mmoja wetu aliyewahi kuishi na redio isiyo na betri aelewa ni mtoto yupi aliyekuwa na mchezo.

Lakini betri hueleza mauzo tu. Hazielezi upendo unaodumu baada ya miaka thelathini, wakati kila kijiji kina mahali pa kuchajia simu. Hapo yatupasa tukiache chombo na kuitazama michezo yenyewe. Naanza na ule ambao kwa maoni yangu ndio bora kuliko yote, yaani Tetris.

Tetris ulibuniwa mwaka 1984 mjini Moscow na Alexey Pajitnov, mtaalamu wa kompyuta katika Akademia ya Sayansi ya Umoja wa Kisovyeti. Kompyuta aliyoitumia haikuweza hata kuchora picha, kwa hiyo vipande vya mchezo wake wa kwanza aliviunda kwa mabano yale tunayoyaandika katika hesabu. Mapema mwaka 1989 mfanyabiashara Henk Rogers alisafiri kwenda Moscow kuomba haki ya kuutia mchezo huo katika Game Boy, akafaulu. Na katika Marekani kila aliyenunua chombo hicho alikuta Tetris ndani ya boksi. Pajitnov mwenyewe hakuanza kupata fungu lake la fedha mpaka mwaka 1996. Nalitaja jambo hili kwa kuwa watu wanaosifu mchezo huu hupenda kuusahau upande huo wa hadithi.

Vipande ni vya maumbo saba, na kila kimoja kimeundwa kwa miraba minne. Huanguka kimoja baada ya kingine katika kisima chenye upana wa miraba 10 na kina cha miraba 18. Mchezaji huvigeuza na kuvipanga. Mstari ukijaa kutoka ukuta hata ukuta hutoweka, na usipojaa hubaki. Vipande vikifika juu, mchezo umekwisha. Maelezo yote ni hayo. Nimeyaandika kwa mistari michache, na mtoto wa darasa la tatu aweza kuyashika.

Ugumu umefichwa katika malipo. Katika ngazi ya mwanzo, anayeondoa mstari mmoja hupewa pointi 40. Anayeondoa minne kwa mpigo hupewa 1,200. Piga hesabu: mwangalifu anayeondoa mstari mmoja mmoja mara nne atapata 160, na mwenye tamaa atapata zaidi ya mara saba ya hizo. Lakini ili kuondoa minne kwa mpigo sharti uache ufa mwembamba upande mmoja wa kisima, ujenge ukuta mrefu kando yake, kisha ungoje kipande kimoja tu kinachofaa, kile kirefu kilichonyooka kama fimbo. Nacho chaweza kuja sasa hivi, au kisije mpaka ukuta wako umekaribia juu. Hakuna adui katika mchezo huu. Hakuna simba, jambazi wala zimwi. Pana wewe na tamaa yako, na kipande ambacho hakijaja. Nimewaona watu wapole wakijiangamiza kwa kungoja fimbo, na watu wakali wakicheza kwa woga wa kuku. Kazi ya sanaa inayoweza kumfunua mtu kwa namna hiyo, tena kwa miraba tu, siwezi kuiita kitu cha kitoto.

Angalia pia jinsi ufukara wa kioo ulivyogeuzwa. Katika kompyuta zenye rangi, vipande vya Tetris hutofautishwa kwa rangi. Game Boy haikuweza kufanya hivyo, basi waliouandaa walikipa kila kipande mchoro wake: kimoja cheusi tititi, kingine chenye nukta, kingine chenye mpaka na kitovu. Jicho halikukosa kitu. Kioo hicho kina kasoro nyingine mbaya, kwamba kitu kinachokwenda mbio huacha kivuli nyuma yake kama moshi; lakini kipande cha Tetris hushuka hatua kwa hatua, na kwa muda mwingi wa mchezo kasoro hiyo haionekani. Muziki wake mashuhuri unatokana na wimbo wa kale wa Kirusi juu ya wachuuzi, uliopangwa upya na Hirokazu Tanaka kwa mashine yenye njia nne tu za sauti.

Wengi wa rika langu hapa Kenya hatukuuona mchezo huu katika Game Boy. Tuliuona katika vijichombo vya bei rahisi vilivyoitwa Brick Game, ambavyo miraba yake ilikuwa imekwisha kuchorwa kiooni, ikingoja kuwashwa na kuzimwa. Kimoja kilijigamba kwa maandishi makubwa kwamba kina michezo 9,999. Tuliihesabu sisi watoto. Ilikuwa michezo michache, iliyobadilishwa mwendo tu kisha ikapewa namba mpya. Hata hivyo, Tetris uliokuwa ndani ya chombo kile cha uwongo ulikuwa Tetris wa kweli. Ulistahimili umaskini mkubwa kuliko ule wa Game Boy, na jambo hilo hunifanya niamini kwamba nguvu yake i katika kanuni zake.

Nikiishia hapa nitakuwa nimefanya kosa la wapenzi wote wa vitu vya kale, yaani kuusifu upungufu kana kwamba upungufu ni fadhila. Sivyo. Michezo ipatayo elfu moja ilitengenezwa kwa Game Boy, na sehemu kubwa ni takataka: michezo iliyoharakishwa ili kufuata filamu fulani, au michezo ya mashine kubwa iliyobanwa katika kioo kisichoitosha. Hata Super Mario Land, uliotoka pamoja na chombo chenyewe mwaka 1989, sioni kwamba ni mchezo mkubwa. Mario amefanywa mdogo kama siafu, njia zake ni 12 tu, na mtu mwenye mkono mwepesi huumaliza kwa muda mfupi kuliko wa kupika githeri.

Upo mfano ulio bora zaidi, kwa sababu ni wa mchezo mzuri kweli. Mwaka 1993 ulitoka The Legend of Zelda: Link's Awakening, hadithi ya kijana aliyetupwa na bahari katika kisiwa asichoweza kutoka. Hadithi yake ina huzuni ambayo nisingeitazamia katika kaseti ndogo kama ile. Lakini chombo kina vitufe viwili tu vya kutendea. Kijana ana upanga, ngao, manyoya ya kumrusha, bangili ya kuinulia mawe, na vitu vingine vingi. Kila mara sharti mchezaji asimamishe safari, afungue orodha, avue hiki na kuvaa kile, afunge orodha, aende hatua kumi, kisha afungue tena. Hapo upungufu haukuzaa busara yoyote; umezaa usumbufu tu. Mchezo huo ulipotengenezwa upya mwaka 2019 kwa chombo chenye vitufe vingi, upanga na ngao vilipewa vitufe vyao, na sijasikia mtu aliyelilia usumbufu uliopotea.

Naye Yokoi alituachia ushahidi mwingine dhidi ya kanuni yake mwenyewe. Mwaka 1995 alitoa Virtual Boy, chombo cha kutazamwa kwa kuingiza macho ndani ya miwani mikubwa iliyosimama juu ya meza. Kilitumia taa nyekundu peke yake, kwa kuwa ndizo zilizokuwa na bei nafuu. Picha zote zilikuwa nyekundu juu ya weusi. Huo nao ni ufundi ulionyauka uliofikiriwa kwa upande. Kikashindwa vibaya, kikaondolewa sokoni katika muda usiotimia mwaka. Wengi husema kilishindwa kwa sababu kiliumiza macho na shingo, na hilo ni kweli. Lakini mimi naona kasoro nyingine. Mtu anayecheza Game Boy yumo pamoja na wenzake. Wanaweza kuchungulia begani kwake, wakamcheka, wakamfundisha, wakamnyang'anya. Mtu anayecheza Virtual Boy ameingia shimoni peke yake, na aliye kando haoni ila mtu aliyeinama. Yokoi aliacha kazi Nintendo mwaka 1996, na mwaka uliofuata alikufa katika ajali ya barabarani, akiwa na umri wa miaka 56.

Jambo hilo la kuwa pamoja na wenzako ndilo linalotupeleka kwenye kazi ya pili kubwa ya Game Boy. Kilipotolewa kilikuwa na tundu dogo ubavuni la kuingiza waya, ili vyombo viwili viungane. Kwa miaka kadhaa waya huo ulitumiwa hasa kwa mashindano. Kisha Satoshi Tajiri, kijana aliyekulia katika kitongoji cha Tokyo akikusanya wadudu, aliutazama waya akawaza wadudu wakitambaa ndani yake kutoka chombo kimoja hadi kingine. Kutokana na wazo hilo akaubuni Pokémon, uliotoka nchini Japani mwezi wa Februari 1996, wakati watu wengi walipodhani Game Boy imekwisha zeeka.

Katika Pokémon mchezaji hutembea nchini akikamata viumbe. Mchezo ulitoka katika kaseti mbili, nyekundu na ya kijani, na kila kaseti imenyimwa baadhi ya viumbe vilivyomo katika mwenzake. Tena vipo viumbe vinne visivyoweza kufikia umbo lao la mwisho mpaka vibadilishwe kwa waya na kwenda mkononi mwa mtu mwingine. Kwa hiyo haiwezekani kuvikusanya viumbe vyote ukiwa peke yako. Sharti umtafute mwenzako, mkae karibu kiasi cha urefu wa waya, mpatane bei. Je, hiki ni kiumbe cha thamani sawa na kile? Je, utanirudishia? Ni soko la watoto, pamoja na udanganyifu wake wote.

Nitasema wazi kwamba hila ya biashara imo. Kaseti mbili huuza kuliko moja, na mtoto mwenye tamaa huzitaka zote. Mhakiki asiyeliona hilo ni kipofu. Lakini naye asiyeona kitu kingine ila hilo amepofuka jicho la pili. Siku hizi mtu aweza kucheza kwa simu dhidi ya mtu aliye bara jingine, asimjue jina wala sura, na akishindwa akazima. Ule waya mfupi haukuruhusu hivyo. Uliyemdanganya ulikaa naye benchi moja kesho yake. Sidai kwamba watengenezaji walikusudia adabu hiyo. Walikuwa na waya mfupi tu. Lakini ile michezo ya pekee iliyodumu ni ile iliyouchukua upungufu wa chombo ikaufanya kuwa sehemu ya kanuni zake, kama Tetris ulivyofanya kwa kioo na Pokémon kwa waya. Wazee wa pwani wanaocheza bao wana mashimo 32 na kete 64, na sijasikia aliyelalamika kwamba mashimo hayatoshi.

Watu husimulia visa vingi vya kuonyesha uimara wa chombo hiki. Kimoja kilipelekwa angani mwaka 1993 na mwanaanga wa Urusi, Aleksandr Serebrov, kikiwa na Tetris. Kingine kiliungua katika kambi ya askari wakati wa Vita vya Ghuba, plastiki yake ikayeyuka na kufanya malengelenge, na bado kikawaka. Kwa miaka mingi kilionyeshwa katika duka la Nintendo mjini New York. Visa hivi vyapendeza, lakini havithibitishi neno. Hata jiwe la kusagia hustahimili moto, wala hatulichezi.

Swali la kweli ni jingine, nalo si la plastiki. Mwaka 2023 taasisi ya Marekani iitwayo Video Game History Foundation, ikishirikiana na Software Preservation Network, ilichapisha uchunguzi uliogundua kwamba asilimia 87 ya michezo ya video ya zamani iliyotolewa nchini humo kabla ya mwaka 2010 haipatikani tena kwa kununuliwa madukani. Kwa michezo ya Game Boy na ndugu zake hali ilikuwa mbaya zaidi: hata asilimia sita haikufika. Mwaka huo huo Nintendo iliirudisha michezo michache ya Game Boy kwa wanaolipia huduma yake ya Switch, na mwaka 2021 kampuni ya Analogue ilikuwa imekwisha toa chombo kipya, chenye kioo kizuri ajabu, kinachozisoma kaseti zile zile za kale. Basi tusidanganyike na idadi ya wapenzi. Tetris hautapotea. Wala Pokémon. Michezo mingine, ikiwamo ile ambayo pengine ilistahili kupewa nafasi ya pili, yaishi katika kaseti zilizobaki na katika nakala ambazo sheria mara nyingi haizikubali. Ingekuwaje kama vitabu vyetu vya kale tungebakiza viwili vilivyouzwa sana, vingine tukavifungia?

Zaidi ya hayo, kaseti nyingi zina ugonjwa wao wa ndani. Mchezo wenyewe umechongwa katika kipande kisichosahau. Lakini safari ya mchezaji, yaani jina alilojipa, mahali alipofika na viumbe alivyokamata, huwekwa katika kumbukumbu inayolindwa na betri ndogo bapa kama sarafu, iliyounganishwa kwa risasi ndani ya kaseti. Betri hiyo hudumu miaka kumi na mitano, ishirini, pengine na zaidi. Inapokufa mchezo hubaki, na safari hufutika.

Mwalimu mwenzangu alipata kaseti ya Pokémon pamoja na chombo chake, na tulipoiwasha tulikuta safari ya mtoto fulani tusiyemjua. Alikuwa amecheza saa 140 na zaidi. Kiumbe wake wa kwanza alikuwa amempa jina ambalo nadhani ni la mbwa. Alikuwa amesimama mbele ya nyumba ya mwanzo, ile anayozaliwa kila mchezaji, kana kwamba alirudi kuaga. Mafundi wanasema betri ya umri huo haina miezi mingi. Tukiibadilisha kwa namna ya kawaida, safari itafutika papo hapo. Tusipoibadilisha, itafutika siku yake ikifika. Ipo njia ya kuinakili kwanza kwa kompyuta, kwa kifaa ambacho bado hatujakipata. Wanachuo wameambiwa wacheze Tetris, na kaseti ile imewekwa katika droo ya meza yake, ndani ya bahasha, mpaka kifaa kifike.